Vita vya Panzi: Kuanguka kwa Roma na Kuporomoka kwa Nguvu za Wamaasai Bondeni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Methali hii hutajwa sana darasani kama mfano wa istiari, lakini ni nadra kuchukuliwa kuwa maelezo ya historia. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba jamii yenye nguvu aghalabu hudhoofika kutoka ndani kabla ya mgeni kuiangusha. Mfano wa kwanza ni dola la Roma ya kale, lililovamiwa na makabila ya Kijerumani. Wa pili ni Wamaasai wa Bonde la Ufa la kati, kuanzia Naivasha na Nakuru hadi nyanda za juu za Laikipia na Uasin Gishu. Aidha, makala yanachunguza namna majina ya mahali yanavyohifadhi habari za walioshindwa.

Roma na Askari Wake

Mwaka 376 Wagothi, wakiwakimbia maadui waliotoka mashariki, walivuka mto Danube kwa idhini ya Warumi wenyewe. Maafisa wa Roma waliwanyanyasa, nao wakaasi. Mwaka 378 wakamwua Kaisari Valens vitani huko Adrianople. Mwaka 410 waliuteka na kuupora mji wa Roma wakiongozwa na Alaric, mtu aliyewahi kuwa kamanda katika jeshi la Roma. Mwaka 439 Wavandali waliiteka Carthage, kaskazini mwa Afrika, wakaikatia Roma nafaka na kodi. Hatimaye, mwaka 476, Odoacer, afisa wa jeshi hilohilo, alimwondoa madarakani Romulus Augustulus, naye akawa kaisari wa mwisho wa Roma ya Magharibi kutawala Italia. Katika muda huo wote majemadari wa Kirumi waligombania ukaisari, kila mmoja akiwakodi wavamizi dhidi ya mwenzake.

Ndugu kwa Ndugu

Wamaasai hawakuwa na kaisari wala mji mkuu. Nguvu zao zilitegemea mifugo, marika ya morani na mamlaka ya kiibada ya malaiboni. Wao pia waliwakuta wengine bondeni: katika kilima cha Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, yangalipo mashimo ya maboma yanayonasibishwa na Wasirikwa.

Katika karne ya 19 nguvu hizo ziligeukiana. Malisho, maji na ng'ombe vilizua vita vya muda mrefu miongoni mwa sehemu mbalimbali za jamii. Sehemu ya Uasin Gishu ilivunjwa na Wamaasai wenzao. Baadhi ya manusura walikimbilia magharibi, wakawa askari wa kukodiwa katika ufalme wa Wanga. Katika miaka ya 1870 ikawa zamu ya Walaikipiak. Wapurko na washirika wao, wakiwa na baraka za laiboni Mbatiany, waliwashinda na kuwatawanya. Waliosalia wakamezwa na washindi na majirani.

Washindi nao hawakustarehe. Miaka ya 1880 iliwaletea homa ya mapafu ya ng'ombe, kisha sotoka iliyoteketeza mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na baadaye ndui iliyoua watu. Mbatiany alifariki takriban mwaka 1890, na wanawe, Lenana na Sendeyo, wakaingia vitani kugombania urithi wake. Waingereza walipokuja kujenga reli iliyofika Nakuru mwaka 1900, waliikuta jamii iliyokwisha kujeruhiwa.

Mgeni na Karatasi Yake

Lenana aliwachukua Waingereza kuwa washirika. Morani walishiriki katika misafara ya kijeshi ya wakoloni, ikiwemo ile dhidi ya Wanandi mwaka 1905. Hata hivyo, ushirika huo haukuwalinda. Kwa mkataba wa tarehe 10 Agosti 1904, Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa la kati ili kuwapisha walowezi, wakagawanywa baina ya Laikipia na kusini. Waliahidiwa kuwa mpango huo ungedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo. Ahadi ilidumu miaka saba tu: mkataba wa 1911 uliwaondoa Laikipia pia. Legalishu na wenzake walikwenda mahakamani, lakini mwaka 1913 kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya mataifa mawili, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Watu waliotawaliwa kama raia wanyonge wakapewa hadhi ya taifa la kigeni, ili tu wasisikilizwe.

Hapa mifano hii miwili inaachana. Wagothi na Wafranki waliingia katika dola, wakaichukua dini yake na hatimaye wakasema lugha zilizotokana na Kilatini. Mkoloni wa bondeni hakutaka kuwa Mmaasai. Alitaka ardhi ya Mmaasai.

Majina kama Ushahidi

Walowezi wengi walidai kuwa waliikuta ardhi tupu. Lugha inawakanusha. Jina Nakuru hufasiriwa kuwa mahali penye vumbi kwa Kimaasai, na Naivasha nalo lina asili katika lugha hiyo. Uasin Gishu na Laikipia ni majina ya zile sehemu mbili zilizovunjwa vitani. Tukilinganisha na Ulaya, neno letu "Ufaransa" limebeba jina la Wafranki, na "Uingereza" jina la Waangli, ambao wote walikuwa makabila ya Kijerumani yaliyoshinda. Huko ramani ilipewa majina ya washindi; bondeni imebaki na majina ya walioshindwa.

Hitimisho

Imedhihirika kuwa kunguru hakuwaua panzi wote. Alifika vita vilipokuwa vimekwisha kumtengea chakula. Ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili kuyauliza majina ya mahali anapoishi yalitoka kwa nani, na wenyewe walikwenda wapi. Ardhi iliyoitwa tupu ilikuwa tayari na jina, na jina haliwi bila aliyelitoa.