Mzee na Sahani Yake

Baba yangu, mama yangu, wewe uliyepita miaka 60: labda siku moja ulitoka chumba cha mganga ukiwa na karatasi mkononi na hasira moyoni. Walikufunga kitambaa cha kipimo mkononi, wakatia hewa, wakasoma hesabu, wakakuambia kwamba damu yako inapanda. Kisha wakakuhesabia mambo: acha chumvi, acha makayabo, punguza mawese, punguza bugali. Ukaenda nyumbani ukisema, "Nimelima maisha yangu yote, nimelea watoto. Sasa ningekaa na kula vizuri, nao wananinyima hata chumvi!"

Hasira hiyo tunaijua. Wazee wengine wanatuambia wazi, nasi twafurahi wakisema. Wengine wananyamaza, lakini hawarudi tena. Hao ndio wanaotuhuzunisha, kwa maana mara nyingine tunawaona wakiletwa juu ya kitanda cha kubebea, mdomo umepinda, na upande mmoja wa mwili umepooza.

Kumbuka wazee wawili wa Biblia. Isaka alipokuwa mzee na macho yake yamefifia, alitamani nyama ya mawindo, iliyopikwa kama alivyoipenda, na kwa ajili ya sahani ile nyumba yake iliingia ugomvi mkubwa (Mwanzo 27). Mzee wa pili ni Barzilai, mwenye miaka 80. Mfalme Daudi alimwita Yerusalemu ale kwake. Barzilai akakataa kwa adabu, akamweleza mfalme kwamba yeye hawezi tena kusikia ladha ya chakula wala kinywaji (2 Samweli 19).

Neno la Barzilai ni kweli katika mwili wa kila mtu. Pua na ulimi vikizeeka, ladha inapungua. Ndiyo sababu mzee analalamika kwamba mboga haina chumvi, hali watoto wanaikuta sawa. Anaongeza kidogo, kesho anaongeza tena. Si tamaa tu. Basi ninyi vijana msimcheke, na wewe mzee usijihesabu kuwa mwovu.

Lakini ulimi usiposikia chumvi, mishipa inaisikia. Chumvi hushika maji ndani ya mwili. Maji yakizidi, damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa, na mishipa ya mzee imekuwa migumu, haitanuki kama zamani. Moyo unasukuma kwa nguvu mchana na usiku. Huu ndio ugonjwa ambao wengi huuita tansio. Siku nyingi hauumi, tena hauleti homa, na kwa hiyo watu hawauamini. Ndipo mshipa wa kichwani unapasuka au kuziba, au moyo unachoka, au figo zinaharibika.

Shirika la Afya la dunia, yaani OMS, linafundisha kwamba mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kilichosawazishwa juu. Na hesabu hii ni ya chumvi yote, hata ile usiyoiona. Makayabo yamejaa chumvi. Kipande kile cha Maggi, sehemu yake kubwa ni chumvi. Bikabonati inayotiwa katika maharagi ili yaive upesi, nayo inaongeza madhara yale yale. Mama anaweza kusema kwa haki kwamba hakutia chumvi hata kidogo, kumbe alitia vipande viwili vya Maggi.

Hata hivyo hatusemi uitupe chumvi yote nje. Wazee wa Kivu wanakumbuka jinsi watu wengi wa kisiwa cha Idjwi walivyokuwa na uvimbe wa shingo, kwa sababu walikosa iodi. Iodi hiyo inatiwa katika chumvi ya pakiti. Basi nunua chumvi yenye iodi, ukaitumie kidogo.

Sasa nitawaambia habari ya mama mmoja mjane, kwa maana alitufundisha sisi wauguzi kuliko tulivyomfundisha yeye. Tulimwambia aache chumvi. Mkaza mwana wake, mwanamke mwenye bidii, akanunua sufuria ndogo, akampikia peke yake. Kila jioni watu wa nyumba walikusanyika kwenye sahani kubwa, wakala pamoja, na mama mzee akapewa bakuli lake pembeni. Mjukuu mdogo, aliyezoea kula kutoka mkononi mwake, alionja mara moja, akatema, akakimbilia wengine. Mama akaanza kusema hana njaa. Akakonda. Kisha kulikuwa na matanga katika kijiji cha pili, na huko akala makayabo siku tatu mfululizo, katikati ya ndugu zake, akicheka. Alipofika kwetu miguu ilikuwa imevimba, na pumzi ilikuwa fupi.

Tulitaka kumkemea. Akasema, "Mwanangu, si chumvi niliyoifuata. Nilifuata watu."

Hapo tuliona kosa letu. Tulikuwa tumesema, "Usile, usile," wala hatukusema ale nini, na pamoja na nani. Tukamwita mkaza mwana, tukashauriana. Sufuria ndogo ikawekwa. Chumvi ikapunguzwa katika sufuria kubwa ya nyumba yote, na mwenye kutaka zaidi akajitilia mwenyewe katika sahani yake. Mama akarudi kwenye sahani kubwa. Baba wa nyumba alinung'unika kwa wiki kadhaa, nasi hatukumhurumia sana, kwa maana mwana wa mama mwenye tansio, naye yafaa ajitazame. Mama aliendelea na vidonge vyake, na miguu ikapungua.

Nyumbani kwako fanyeni vivyo hivyo. Lakini msipunguze yote siku moja. Ulimi unajifunza polepole. Kwa wengi huchukua wiki kadhaa, kwa wengine miezi 2 au 3, kisha chakula cha zamani chenyewe kinaonekana kikali mno. Katika siku hizo za kujifunza, mpe mzee kitu kingine cha kusikia mdomoni: ndimu, kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya zilizoiva, pilipili kama tumbo lake linaikubali. Sombe iliyotiwa karanga za kusagwa haidai chumvi nyingi. Mawese yasitupwe, yana faida kwa macho. Lakini yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Makayabo yakiliwa siku ya sikukuu, yalazwe majini usiku kucha na maji yabadilishwe mara mbili au tatu. Siku nyingine kula samaki wabichi, au ndagala waliokaushwa juani bila chumvi. Watu wa ziwa Kivu wana sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiwala pamoja na mifupa yao, unajenga na mifupa yako.

Mwenye ugonjwa wa sukari ana shida nyingine. Kwake bugali, hata isiyo tamu mdomoni, inageuka kuwa sukari ndani ya damu. Hatumkatazi bugali, nani anaweza kukaa hapa kwetu bila bugali? Tonge lake lote kwa mlo liwe kama ngumi yake, na nafasi inayobaki katika sahani ijazwe na lengalenga, sombe na maharagi. Chai ainywe bila sukari. Soda ya chupa ya sentilita 30 ina sukari kupita vijiko 6, hata kama ameletewa na mwana aliyetoka mjini na ni aibu kuikataa. Tena asikilize sana neno hili: mwenye kumeza dawa ya sukari, au kuchomwa insulini, asikae na njaa. Akitaka kufunga kwa ajili ya maombi, aje kwanza kutuuliza. Tumepokea watu waliozimia ibadani, na wenzao walidhani ni jambo la kiroho.

Kuna na wazee ambao taabu yao si kula mno, bali kula kidogo mno. Meno yamekwisha, wanaishi kwa chai na kipande cha muhogo, nyama ya mikono na mapaja inakwisha, kisha wanaanguka na kuvunjika nyonga. Hawa wapewe chakula kidogo mara nyingi: uji wenye unga wa soya, maharagi yaliyopondwa, ndagala waliotwangwa, yai. Zamani katika makabila mengi yai na kuku vilikatazwa kwa wanawake, na mama wengine wazee wangali wanaona haya kula. Mama, kula yai lako. Na maji unywe hata bila kiu, isipokuwa mganga amekupimia, kwa maana kiu nayo inapungua kwa uzee. Kisha tembea kila siku, hata kama ni mpaka shamba la jirani na kurudi.

Vidonge vya tansio vinamezwa kila siku, hata siku unapojisikia mzima. Vikikwisha usingoje, tuma mtu.

Na siku utakapokuja kupimwa tena, usije peke yako. Njoo na yule anayekupikia, awe mkaza mwana, awe binti, awe mjukuu. Aje na kijiko anachopimia chumvi nyumbani, tukitazame pamoja.