Kwa Nini Vigae vya Bafuni Hubanduka?

Ukuta wa bafu uliofunikwa kwa vigae huonekana kuwa imara, lakini baada ya miaka kadhaa baadhi ya vigae hutuna, hupasuka au huanguka. Mara nyingi lawama humwangukia fundi. Huenda zikawa za haki. Hata hivyo, yako mambo mengine yatendekayo nyuma ya kigae bila kuonekana.

Kigae cha ukutani ni udongo uliochomwa. Uso wake una tabaka jembamba la kioo lisilopitisha maji, bali mgongo wake una vitundu vidogo vingi, na kwa kawaida huweza kunyonya maji yanayozidi asilimia 10 ya uzito wake. Tangu kinapotoka tanuruni, kigae hupokea unyevu na kutanuka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Saruji iliyokishika hufanya kinyume: husinyaa kadiri inavyokauka. Hivyo basi vitu hivi viwili hushindana, na mwishowe mshikamano wake huweza kukatika. Bomba linalovuja ndani ya ukuta huzidisha madhara hayo.

Kabla ya kubandua, yafaa kila kigae kigongwe taratibu. Kilichoachana na ukuta hulia kama debe tupu. Kisha huondolewa kwa nyundo na tindo, kuanzia kwenye maungio. Hapa ndipo penye hatari isiyofikiriwa sana. Vumbi la vigae na lipu lina silika, na chembe zake zilizo ndogo kuliko maikromita 4 hufika ndani kabisa ya mapafu. Fundi alivutaye mwaka hadi mwaka aweza kupata silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usio na tiba ya kuuponya. Kufunga kitambaa puani hakutoshi: sharti mahali panapovunjwa palowanishwe, na kinyago maalumu cha kuzuia vumbi kivaliwe.

Ukuta ukiwa wazi, kwanza uvujaji huzibwa, na lipu iliyolegea hupigwa upya. Ndipo vigae vipya hubandikwa. Ikumbukwe kwamba saruji haiwi ngumu kwa kukauka kama tope. Huwa ngumu kwa kuungana na maji kikemia. Kigae kikavu huyanyonya maji hayo, na saruji hubaki dhaifu. Ndiyo sababu mafundi huviloweka vigae hivi kabla ya kuvibandika kwa saruji na mchanga. Gundi nyingi za kisasa za vigae zimetiwa kemikali za kuhifadhi maji, kwa hiyo kazi hiyo haihitajiki; maelekezo ya mfukoni yafuatwe.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili. Kipande cha kigae kikaushwe vizuri, kipimwe uzito, kilowekwe kwa siku nzima, kifutwe, kisha kipimwe tena. Kikiwa na gramu 200 hapo kwanza na gramu 230 baadaye, kimenyonya asilimia 15. Maji hayo ndiyo ambayo saruji ingenyang'anywa.