Kesi ya utotoni itakuandama milele?

Tuseme kijana wa Nyamisati alishtakiwa kwa kuiba nyavu akiwa na miaka 15. Leo ana 18, usingizi hapati: "Nani atanipa kazi?"

Tulia! Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 hafungwi jela, na kesi yake husikilizwa faragha. Kanuni za Beijing za Umoja wa Mataifa, za 1985, zinataka jalada lake liwe siri, lisitumike kwenye kesi ya ukubwani.

Una wasiwasi? Usiache shule. Nenda na mzazi kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, pale Kibiti. Muulize jalada lako linatunzwaje. Kosa la utotoni siyo jina lako!