Wali wa kukaanga: wateja wanalalamikia kiporo, swali ni ulilala wapi

Kibanda kidogo cha wali wa kukaanga hakihitaji daftari la maoni. Wateja huyatoa hapo hapo wakiwa wamesimama, huku muuzaji akigeuza karai. Wali umepungua siku hizi. Mafuta yamezidi. Mbona leo karoti tu, hoho ziko wapi? Na lipo neno moja ambalo kila muuzaji hulichukia, hasa likitamkwa mbele ya wateja wengine: "Huu ni kiporo."

Katika kata kama Buger, wilayani Karatu, maoni ya namna hiyo yana uzito wake. Chakula cha kila siku nyumbani ni ugali. Mchele haulimwi hapa juu. Hupanda na magari kutoka mabondeni, Mto wa Mbu au Magugu, na ukifika tayari umebeba nauli. Anayesema "nifungie wali" anatoa pesa ambayo angeweza kununulia unga wa siku kadhaa, kwa hiyo ana haki ya kukagua anachofungiwa. Katika makala haya tumelichukua lile lalamiko la kiporo, kwa sababu ndilo lenye ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumlaza mtu zahanati.

Kwa nini wali wa jana ndio unaokaangika

Mpishi yeyote anayejua kazi hii atakwambia kuwa wali uliotoka jikoni sasa hivi haukaangiki vizuri. Una mvuke na unyevu mwingi. Ukiutia kwenye karai lenye mafuta ya moto unashikana, unakuwa bokoboko, na mteja anasema amepewa uji wa mchele. Wali uliopoa ni mambo mengine: wanga umekaza, punje zimekauka juu, kila moja inajitenga na mwenzake na kushika kitunguu, yai na soya sosi. Hata mchele wenyewe, ule wa mavuno mapya hunata kuliko uliokaa ghalani miezi kadhaa, ndiyo maana wapishi huulizia mchele wa zamani.

Kwa hiyo mteja anayelalamika kuwa wali ulipikwa mapema analalamikia jambo ambalo, kwa sehemu, ndilo linalokifanya chakula hicho kiwe kitamu. Muuzaji naye hujitetea hivyo hivyo, na hadi hapo yuko sahihi. Isipokuwa kupoa na kulala si kitu kimoja. Wali unaweza kupoa kwa nusu saa ukiwa umetandazwa kwenye sinia pana. Na unaweza kulala saa kumi na mbili ndani ya sufuria lililofunikwa, ukiwa vuguvugu mpaka alfajiri.

Kinachotokea usiku ndani ya sufuria

Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus. Makazi yake ni udongo, na kutoka shambani huingia kwenye mchele, tambi, viungo na vyakula vingine vikavu bila kuonekana. Mazingira yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda gumu linaloitwa spora, na spora hizo zinaweza kuhimili kuchemka. Unapika wali, maji yanatokota, unaiva vizuri, lakini baadhi ya spora zinabaki hai. Wali ukiwa wa moto sana hazifanyi kitu. Ukiwa baridi ya friji vilevile zinatulia. Shida ipo katikati. Wali unaposhuka na kuwa vuguvugu, spora zinafunguka, bakteria wanaongezeka, na baadhi yao wanatoa sumu ndani ya chakula.

Sumu hiyo, iitwayo sereulaidi, haiharibiwi na moto wa jikoni. Watafiti wameichemsha kwa nyuzi joto 121 kwa dakika 90 ikabaki na nguvu yake. Ndiyo maana kauli tunayoisikia sana, "nitaupasha moto vizuri, utakuwa salama", haina msaada kwa wali uliokwisha kuharibika. Karai likilia namna gani, linaua bakteria na kuacha sumu yao. Tena haina harufu wala ladha. Wali huo hauchachi kama maziwa wala hauwi na utelezi kama maharage yaliyolala vibaya, na mteja hodari wa kuonja anaweza kuusifia.

Hapa Karatu tuna imani moja inayotuponza: baridi. Kwamba juu huku, hasa Juni hadi Agosti, chakula hakiharibiki kama kule chini kwenye joto. Ni kweli kuwa chumba ni baridi, lakini bakteria hawakai chumbani, wamo katikati ya sufuria. Sufuria la kilo kadhaa za mchele, lililofunikwa na kupaliwa makaa juu, hutunza joto kama blanketi. Pembeni wali umepoa, katikati bado una joto saa nyingi baadaye. Hotpoti nayo, inayosifiwa kwa kutunza chakula, hufanya kosa lile lile joto likishashuka chini ya nyuzi 60. Shirika la Afya Duniani katika mafunzo yake ya usalama wa chakula hutaja mipaka miwili: chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na kisiachwe kwenye hali ya kawaida ya chumba zaidi ya saa mbili.

Kosa hili halikuanzia kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza, watu walianza kuugua kwa kutapika baada ya kula wali wa kukaanga wa migahawa ya Kichina, ambako wengi hununua na kuondoka nao. Uchunguzi ulionyesha wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi na kuuacha jikoni saa nyingi, pengine usiku kucha, kisha wanaukaanga kidogo kidogo kadiri wateja wanavyofika. Friji walikuwa nazo. Hawakupenda kuuweka humo kwa sababu wali wa friji hugandana na kuwachelewesha.

Maoni yanayompikisha muuzaji sufuria kubwa

Hapo ndipo sisi wateja tunaingia, na hatutajiondoa. Tukikaa kwenye benchi tunataka vitu viwili: kipimo kikubwa na haraka. Dereva wa bodaboda ana abiria anayesubiri, fundi ana saa moja tu ya mchana. Muuzaji anayepika kidogo kidogo husemwa kuwa ni mvivu au hana mtaji. Aliye na sufuria limejaa tangu asubuhi husifiwa kuwa "haishiwi". Siku ya mnada anapika zaidi, halafu mvua inanyesha, barabara ya udongo haipitiki, wateja hawaji. Jioni ana wali nusu sufuria na deni la mchele dukani. Kumwambia autupe ni rahisi kwa asiyelipa deni hilo.

Friji ingesaidia, lakini bei yake ni kubwa kwa mtaji wa kibanda, na umeme ukikatika usiku inageuka kabati. Bado yapo ya kufanya bila friji. Kupika mara mbili kwa siku, sufuria ndogo asubuhi na nyingine mchana, kunapunguza mabaki. Wali wa kukaanga utandazwe mwembamba kwenye sinia safi, ufunikwe na kitambaa chepesi, uachwe upoe haraka na ukaangwe ndani ya saa mbili. Mwenye friji autandaze hivyo kwanza, kisha auingize kwenye vyombo vifupi, si na sufuria lake zima, na kesho aukaange mara moja tu, uive hadi ndani. Asiye na friji, wali uliobaki jioni hauna namna ya kuutunza mpaka kesho. Kuku wapo.

Na mteja aliyefungiwa je? Saa zile mbili hazisimami kwa kuwa chakula kimelipiwa. Wengi wetu hununua saa kumi, tunaupitisha dukani, kwa rafiki, kisha tunaula saa tatu usiku, na kilichobaki kinanyweshwa chai asubuhi. Ukiugua, anayelaumiwa ni muuzaji. (Tukiwa hapo kwenye kufungiwa: tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na wali wa moto haukuwa na sababu ya kutiwa humo hata kabla ya hapo.)

Ukiumwa baada ya kula

Mmoja wetu hapa ofisini aliwahi kula wali wa kukaanga na nyama mchana, na kabla jua halijazama alikuwa akitapika bila kupumzika. Mwaka mzima aliilaumu nyama. Huenda alikosea. Sumu ya wali huanza mapema, kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, kwa kichefuchefu na kutapika. Aina nyingine ya ugonjwa wa bakteria huyo huyo huja na tumbo kukata na kuharisha, saa sita hadi kumi na tano baadaye. Dalili hizo hufanana na za sumu nyingine za chakula, kwa hiyo muda peke yake hauthibitishi chanzo, lakini ni habari muhimu kwa mganga: mwambie ulikula nini na saa ngapi.

Wengi hupona ndani ya siku moja. Kinachohitajika zaidi ni kunywa, kidogo kidogo na mara kwa mara, na ORS inapatikana zahanati na maduka ya dawa. Usisubiri nyumbani ikiwa mgonjwa ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee, ikiwa kila anachokunywa kinarudi, kuna damu kwenye kinyesi, macho yamekuwa ya njano au amelegea na kusinzia. Vifo ni nadra sana, lakini vimetokea: mwaka 2008 kijana wa miaka 20 nchini Ubelgiji alifariki baada ya kula tambi zilizokaa siku tano nje ya friji.

Watu kadhaa wakiugua baada ya kula sehemu moja, taarifa ipelekwe zahanati au ofisi ya kata ili imfikie afisa afya wa halmashauri, ambaye ana mamlaka ya kukagua kibanda. Usimamizi wa usalama wa chakula kitaifa uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoupokea mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA. Taarifa hiyo ina faida hata kwa muuzaji, kwa kuwa kibandani maneno ya "alituua kwa wali" husambaa haraka kuliko majibu ya uchunguzi.

Ukirudi kwenye benchi, basi, uliza: "Wali huu umepikwa saa ngapi, na ulipoa wapi?" Anayeutandaza kwenye sinia atakuonyesha sinia.