Sikukuu ya nyumba mbili

Wazazi wanapotengana, sikukuu ndiyo inayomwonyesha mtoto waziwazi kuwa mambo yamebadilika. Siku za kawaida zina shule na michezo ya kumsahaulisha. Idi na Krismasi zinataka watu wote wakae pamoja, na asiyekuwepo huonekana. Ndiyo maana ugomvi uliokwisha kupoa huwaka upya mwishoni mwa Ramadhani au katikati ya Desemba, pande mbili zikigombea siku moja.

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama itangulize maslahi ya mtoto inapoamua akae na nani. Inachukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Mzazi mwingine anaweza kupangiwa nyakati za kumwona mtoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu hata ndugu aliyekuwa akimlea kuomba nafasi hiyo. Amri ya mahakama, hata hivyo, huishia kwenye siku na saa. Sikukuu yenyewe iweje, wazazi ndio wanaojua.

Kalenda inasaidia. Idi el-Fitr na Idi el-Haj hupishana kwa takriban siku 70, hivyo mtoto anaweza kula Idi ndogo kwa baba na Idi kubwa kwa mama, mwakani zamu zikabadilishwa. Desemba 26 ni mapumziko kama ilivyo 25, na Pasaka huanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Zanzibar, ambako shamrashamra za Idi huchukua siku nne, kugawana ni rahisi zaidi. Kwa kuwa Idi husubiri mwandamo wa mwezi, ni salama kukubaliana kwa “Idi mosi” na “Idi pili” kuliko kwa tarehe. Wazazi wa dini mbili tofauti wana nafuu yao: kila mmoja ana sikukuu yake.

Kosa la kawaida ni kuirudia sikukuu ya zamani vilevile, pilau ileile na wageni walewale, huku mtu mmoja akikosekana. Kinachomfaa mtoto ni jambo jipya, lenye asili katika nyumba anamosherehekea. Mama aliyehamia chumba cha kupanga hana pa kualika ukoo, lakini mkesha wa Idi anaweza kuketi na mwanawe kupika visheti: mama anasukuma donge, mtoto anakata vipande kwa kisu butu, vingine vikubwa vingine vidogo, kisha vinakaangwa na kugeuzwageuzwa kwenye shira yenye iliki. Sahani ya jirani anaipeleka mtoto mwenyewe. Baba anayempata mtoto Desemba 26 anaweza kuifanya siku ya kuchoma nyama, mtoto akipewa kazi ya kupepea jiko. Desturi hushika ikiwa ni nyepesi kwa mfuko, inarudiwa kila mwaka, na mtoto ana kazi yake ndani yake.

Zawadi zisiwe mashindano. Mmoja akinunua nguo, mwingine anunue viatu, na vyote vivaliwe nyumba zote mbili. Nguo inayozuiwa isivuke kizingiti humfunza mtoto kuwa hata yeye ni mali ya upande mmoja. Mkono wa Idi aliopewa ni wake. Asidaiwe hesabu ya matumizi.

Safari zinahitaji mapatano ya mapema. Familia nyingi za Kichaga hurudi Kilimanjaro kila Desemba, tiketi za basi huwa za kugombania, na mtoto akishafika kwa babu harudi kesho. Mzazi anayebaki ajulishwe tarehe ya kwenda na ya kurudi, kwani shule hufunguliwa Januari. Bibi, shangazi na wajomba nao waombwe wasimhoji mtoto habari za nyumba ya pili. Mzazi anayempigia mtoto simu siku ya sikukuu amwambie “utanisimulia ukirudi”, asimlilie upweke, kwani mtoto atajiona ana hatia ya kufurahi.

Umri una neno lake. Mdogo ahesabiwe siku kwa usingizi: akilala mara tatu, atakwenda kwa baba. Aliyefikia umri wa kutoa maoni yake aulizwe; sheria yenyewe inaitaka mahakama iyazingatie. Kijana wa sekondari huenda akataka alasiri yake na marafiki, na hilo halimaanishi amewakataa wazazi.

Wazazi wasioweza kuzungumza bila kugombana wanaweza kupatanishwa na afisa ustawi wa jamii wa eneo lao, na makubaliano yakaandikwa. Palipokuwa na kipigo au vitisho, mtoto akabidhiwe kupitia ndugu anayeaminiwa na pande zote, na usalama utangulie sikukuu.