Nuru Itoayo Elektroni Katika Madini, na Jinsi ya Kupima Ushuru Wake

Mji wa Eldoret umejengwa karibu na mstari wa Ikweta, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,000 na zaidi. Wakati wa adhuhuri, kama hakuna mawingu, mabati ya nyumba zake humetameta hata hayatazamiki. Mabati hayo ni chuma kilichopakwa zinki, na ndani ya zinki, kama ndani ya kila madini, zimo elektroni zisizo na idadi, yaani chembe ndogo mno zichukuazo umeme. Mwanafunzi aliyefundishwa ya kwamba nuru huweza kuzitoa elektroni nje ya madini ana haki ya kuuliza: Mbona jua kali namna hii halizitoi katika paa la nyumba yetu?

Swali hilo lina maana kubwa, kwa sababu jibu lijalo upesi kinywani, kwamba jua halina ukali wa kutosha, ndilo kosa lenyewe.

Jambo hili lilionekana kwa bahati. Mwaka 1887 Heinrich Hertz wa Ujerumani aliona ya kuwa cheche za umeme katika mtambo wake huruka kwa urahisi zaidi kama mahali zirukapo pamemulikwa na nuru ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho. Mwaka uliofuata Wilhelm Hallwachs alimulika kwa nuru hiyo bamba la zinki lenye umeme hasi, nalo likapoteza umeme wake. Jaribio hilo ndilo lililoingia katika fizikia ya Kidato cha Nne ya Kenya, katika mtaala wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985. Bamba la zinki husuguliwa kwa msasa mpaka ling'ae, likawekwa juu ya elektroskopu, chombo chenye jani jembamba la dhahabu liinukalo kikiwa na umeme. Kisha hupewa umeme hasi. Taa ya urujuanimno ikiwashwa, jani hushuka. Kipande cha kioo cha dirisha kikitiwa katikati, jani hukoma kushuka. Lakini taa ya kawaida, hata ikiwa kubwa kama ya motokaa, na hata ikisogezwa karibu namna gani, hailishushi. (Taa ya urujuanimno hudhuru macho, mtu asiitazame.)

Aliyeifumbua siri hiyo ni Albert Einstein, mwaka 1905. Alisema ya kuwa nuru huja kwa chembe, na kila chembe ina kiasi chake cha nishati kwa kadiri ya rangi yake: nyekundu ina kidogo, zambarau ina zaidi, urujuanimno ina zaidi kupita zote hizo. Elektroni nayo imefungiwa ndani ya madini kama mtu aliye nyuma ya lango la ushuru. Chembe moja ya nuru humlipia mtu mmoja. Ikiwa haitoshi, hatoki. Wala chembe mbili hazichangi pamoja kumlipia mmoja. Kuongeza ukali wa taa ni kuongeza wingi wa chembe tu. Anayekuja langoni na senti tano tano hapiti, hata nyuma yake wakisimama elfu wenye senti tano tano. Lakini rangi ikishatosha, ukali zaidi hutoa elektroni nyingi zaidi.

Ushuru huo hupimwa kwa elektronivolti. Wa zinki ni 4.3 hivi, wa sodiamu 2.3 hivi. Nuru ionekanayo haizidi 3.1 au karibu ya hapo, na ile ya jua iwezayo kulipa 4.3 huzuiwa juu angani na ozoni. Basi paa la Eldoret humulikwa mchana kutwa na wasio na nauli.

Namna ya kuupata ushuru wa madini yasiyojulikana ni rahisi kuliko wengi wadhanivyo. Bamba la madini hutiwa katika chupa iliyotolewa hewa, mbele yake bamba la pili. Elektroni zikitoka, huwekewa volti za kuzipinga, na volti huongezwa kidogo kidogo mpaka hata ile yenye mbio kuliko zote isifike. Hizo ndizo volti za kuzuia, nazo huonyesha chenji iliyobaki baada ya ushuru kulipwa.

Tuseme ni sodiamu. Kwa nuru yenye mitetemo trilioni 688 kwa sekunde, volti za kuzuia ni 0.55, kwa trilioni 740 ni karibu 0.76, kwa trilioni 821 ni 1.10. Alama hizo zikitiwa katika karatasi ya miraba, hukaa katika mstari ulionyoka. Kutoka trilioni 688 hadi 821 ni hatua ya 133, na volti zimeongezeka 0.55. Rudi nyuma hatua nyingine ya 133, nawe wafika trilioni 555, ambapo volti ni sifuri: elektroni hulipiwa ushuru kamili bila chenji. Gawanya 0.55 kwa 133, uzidishe kwa 555, utapata 2.3. Mwinamo wa mstari ni mmoja kwa madini yote, ila mahali ukatapo sifuri hubadilika.

Robert Millikan wa Chicago hakuiamini fikira ya Einstein, akafanya kazi kadiri ya miaka kumi kuipima. Taabu yake kubwa ilikuwa kutu na uchafu, kwa maana utando mwembamba kabisa juu ya madini huubadili ushuru. Akatengeneza kisu cha kuchonga sodiamu na lithiamu mlemle ndani ya chupa isiyo na hewa. Mwaka 1916 alitangaza matokeo: mistari ilinyooka kama Einstein alivyosema. Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921, na Millikan ya mwaka 1923.

Huko Kesses, katika Kaunti ya Uasin Gishu iliyo na mji wa Eldoret, kuna mtambo wa mabamba ya jua wa megawati 40. Hayo si zinki bali silikoni, na elektroni zake hazitupwi nje. Hufunguliwa tu ndani kwa ndani, kisha huongozwa katika nyaya. Ushuru wa kufunguliwa huko ni elektronivolti 1.1 tu, na hata nuru nyekundu huumudu.