Watoto wa Sironga wasingoje daktari bingwa ahamie Nyamira

Mzazi wa Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, anayegundua kwamba mwanawe amechelewa kuketi, hatamki maneno, au amenyamaza tangu msiba uingie nyumbani, kwa kawaida huelekezwa mbali. Ataambiwa aende hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nyamira, kutoka hapo pengine Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, na tatizo likizidi ugumu, Eldoret au Nairobi. Kila hatua ina nauli yake, foleni yake na siku nzima ya kazi inayopotea shambani. Wapo wanaokata tamaa katikati ya safari hiyo, na mtoto huendelea kukua huku miaka ambayo msaada ungemfaa zaidi ikipita. Jibu linalomjia mtu haraka ni kwamba kaunti ijengewe kituo kikubwa na mabingwa waajiriwe. Mabingwa wanahitajika, na nitaeleza wapi. Lakini ushahidi uliokusanywa kwa takribani miongo minne, sehemu yake ikitoka papa hapa Kenya, unaelekeza kwingine: msaada mwingi ambao mtoto anauhitaji kwa ukuaji wake na kwa hisia zake hufaulu ukitolewa nyumbani na shuleni, na watu wa kawaida waliofunzwa, mradi wawe na mtaalamu anayewasimamia.

Haja yenyewe ni kubwa kuliko inavyoonekana. Utafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, uliofanywa Kilifi na kuchapishwa 2006 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wenye umri wa miaka 6 hadi 9, watoto 61 walikuwa na kasoro ya ubongo au neva ya kiwango cha kati au kikubwa. Kifafa kiliongoza, kikafuatwa na udhaifu wa akili, kisha upungufu wa kusikia. Kilifi si Nyamira, bila shaka. Malaria ya Pwani ina historia yake, ilhali katika nyanda za juu za Gusii, iliko Nyamira, imezoeleka kuja kwa milipuko. Hata hivyo, mtoto anayechelewa kulia baada ya kuzaliwa, au anayepata manjano kali katika wiki ya kwanza bila kutibiwa, huweza kuumia ubongo kwa namna ile ile popote alipo. Tukiikata takwimu ya Kilifi nusu kwa tahadhari, shule ya msingi yenye wanafunzi 500 bado ingekuwa na watoto kama 15 wa kundi hilo. Na hapo hatujawagusa watoto wasio na kasoro yoyote ya ubongo ila wamebeba majonzi, hofu au kumbukumbu ya kipigo. Utafiti wa kitaifa wa 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa aina fulani kabla ya kutimiza miaka 18. Gusii ina pia mzigo wa ukeketaji, ambao umeendelea licha ya sheria ya 2011 iliyoupiga marufuku. Msichana aliyepitia hayo wakati wa likizo hurudi darasani Januari, na ni nadra mtu kumuuliza analalaje usiku.

Kwa nini nyumbani? Kwa sababu ubongo wa mtoto mdogo hujengeka kwa kurudia jambo dogo mara nyingi, kila siku. Chukua mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mtaalamu wa fiziotherapia akimshughulikia saa moja kwa mwezi, amefanya kazi nzuri, lakini mwezi una saa zaidi ya 700, na zilizobaki zote ziko mikononi mwa mama, nyanya na ndugu zake. Namna anavyobebwa, anavyolazwa, anavyolishwa na anavyoketishwa huku mgongo umeegemezwa ndiyo tiba yenyewe. Akibebwa vibaya mwezi mzima, saa moja ya hospitalini haiwezi kuurekebisha mwezi. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto mwenye usonji anayejifunza kuonyesha anachotaka, na kwa yule aliyechelewa kusema. Maneno huyapata wakati wa kuoga, kumenya ndizi na kuchambua mboga, mtu mzima anapomtajia anachokiona na kumngoja ajibu.

Ushahidi unaonukuliwa zaidi kuhusu jambo hili unatoka Jamaika. Katika miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake mjini Kingston waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi ya familia zilitembelewa kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa mitaani, wanawake wasio na shahada yoyote, waliowaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto wao kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kilichozidi kile cha wenzao wasiotembelewa kwa asilimia 25, na pia walikuwa na dalili chache za huzuni iliyokithiri. Hakuna jengo lililojengwa. Kilichogharamiwa ni saa moja ya wiki, mtu wa kuitimiza, na mtu wa kuhakikisha inatimizwa vizuri.

Atatokea wa kusema kwamba huku ni kuwaletea Wagusii malezi ya kigeni, kana kwamba akina mama wao hawakujua kulea. Pingamizi hilo lina uzito, na bahati nzuri lina data ya kwao wenyewe, kwa sababu malezi machache barani Afrika yamechunguzwa kwa kina kama ya Gusii. Mwanaanthropolojia Robert LeVine alifanya kazi huko kuanzia 1955, akarudi katika miaka ya 1970 akiwa na kundi lililojumuisha daktari wa watoto T. Berry Brazelton, na matokeo yao yakatoka kitabuni 1994. Walimkuta mama wa Kigusii akimbeba mtoto mchanga muda mrefu na kukiitikia kilio chake upesi kuliko mama wa Boston waliyemlinganisha naye. Alichokifanya kidogo kuliko yule wa Boston ni kuzungumza na mtoto mchanga na kumtazama usoni kwa muda mrefu. LeVine hakukiita hicho kasoro. Alieleza kuwa ni malezi yaliyolenga kumlinda mtoto asife na kumtuliza, katika mazingira ambamo vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi. Mazungumzo na michezo mtoto aliyapata baadaye kwa ndugu zake, akiwemo yule mlezi mdogo anayeitwa omoreri.

Somo la utafiti huo, kwa maoni yangu, ni la leo kabisa. Utaratibu ule uliwategemea ndugu wakubwa waliokuwa nyumbani mchana kutwa. Sasa wako shuleni, mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande, na mama anayeamka alfajiri kuchuma majani chai humwacha mtoto na nyanya aliyechoka au na jirani. Kubebwa na kutulizwa kumebaki. Kilichopungua ni yule mtoto mwenzake wa kucheza na kuzungumza naye siku nzima. Mhudumu anayemfundisha mama wa Sironga kuzungumza na mtoto wake anapomnyonyesha au anapoosha vyombo hamnyang'anyi mila yake. Anaziba pengo ambalo shule na uhaba wa ardhi vimelifungua, na juu ya msingi wa ukaribu ambao familia nyingi za mijini zingeutamani.

Upande wa hisia, kesi iliyo karibu zaidi ni Bungoma. Watafiti wakiongozwa na Shannon Dorsey na Kathryn Whetten waliwapima watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, huko Bungoma na Moshi, Tanzania. Nusu yao waliingia katika vikundi vilivyokutana mara 12, pamoja na vikao vichache vya mtoto peke yake, na walezi wao wakafundishwa sambamba. Katika vikao hivyo mtoto hujifunza kuitambua hofu mwilini mwake, kuituliza kwa kupumua, kisha kusimulia kidogo kidogo jambo lililomuumiza mpaka limwache alale. Waliowaongoza hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, wakakutana na msimamizi wao kila mara. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa watoto wa Kenya, mjini na mashambani, kuliko kwa wale waliopata huduma za kawaida, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Huko Moshi haikudumu hivyo, kwani waliopata huduma za kawaida nao waliwafikia wenzao. Natia maanani tofauti hiyo kwa sababu inatukataza kudai kwamba mpango huu hufaulu kila mahali kwa kiasi kile kile. Lakini Bungoma ni Magharibi mwa Kenya, yenye walimu na wahudumu wa afya wanaofanana na wa Nyamira, na huko kazi hiyo imehamishiwa kwa walimu na wahudumu wa afya ya jamii.

Kwa watoto waliochelewa kukua au wenye usonji, Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yakiongozwa na watu wasio mabingwa. Nchini Kenya yamefanyiwa majaribio Kilifi na Nairobi. Nyamira haihitaji kubuni kitu kipya.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama: mtu aliyefunzwa wiki chache anaweza kumdhuru mtoto, au kumchelewesha asifike kwa daktari. Ni kweli, na ndiyo sababu mpaka wa kazi yake lazima uwe wazi. Mhamasishaji wa afya ya jamii hatibu kifafa. Mtoto anayepatwa na degedege bila homa anahitaji uchunguzi na dawa. Asiyegeuka akisikia sauti anahitaji kupimwa masikio kabla ya yeyote kusema ana usonji. Mtoto aliyepoteza ujuzi aliokuwa nao, aliyekuwa akisema kisha akaacha, aende hospitali bila kungoja kliniki ijayo. Vivyo hivyo kijana anayesema anataka kufa, au mtoto anayenajisiwa nyumbani, ambaye anahitaji pia ulinzi wa sheria siku hiyo hiyo. Hapo ndipo mabingwa wanapohitajika, na wakipunguziwa msururu wa wale ambao wangesaidiwa nyumbani watapata muda wa kuwaona hawa. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo inacho, kina jedwali la hatua za ukuaji: kuketi kufikia miezi 9, kutembea kufikia miezi 18. Kliniki huandika uzani na chanjo kwa bidii, lakini ukurasa wa ukuaji unastahili bidii hiyo hiyo.

Wengine huhofia kwamba kumtambua mtoto mapema ni kumpachika jina litakalomfuata, na kwamba mama ataambiwa amelaaniwa au amekosea mahali. Aibu hiyo ipo, na huwafanya wengine wawafiche watoto ndani. Ila huduma ya nyumbani ina faida moja ambayo hospitali haina: inaweza kuanza bila jina lolote la ugonjwa. Mama hahitaji kuambiwa neno usonji ili aonyeshwe namna ya kucheza na mtoto asiyemtazama. Utambuzi rasmi unaweza kuja baadaye, pale mtoto anapohitaji nafasi katika shule maalumu au msaada wa serikali.

Pingamizi ambalo silioni likiwa na jibu rahisi ni la mzigo wa kazi. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa kitaifa Septemba 2023, kila mmoja akitarajiwa kuhudumia nyumba kama 100 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ikichangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Mwalimu wa ushauri nasaha naye hufundisha masomo yake kama wenzake. Kuwaongezea kazi ya kuwaliwaza watoto bila kuwapunguzia nyingine ni kuwataka wajifanye wanaifanya. Ziara ya Jamaika ilifaulu kwa sababu ilikuwa sehemu ya kazi iliyolipwa, na vikundi vya Bungoma vilifaulu kwa sababu kiongozi wa kikundi alikuwa na mtu wa kumuuliza kabla ya kikao kijacho. Ukiondoa msimamizi kinachobaki ni semina, cheti na posho ya siku tatu.

Msimamizi huyo atoke wapi? Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vilivyoanzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark, na tangu 1986 taasisi ya KISE jijini Nairobi imekuwa ikiwafunza walimu wa elimu maalumu. Vituo hivyo viko chini ya Wizara ya Elimu, wakati hospitali na zahanati ni za kaunti tangu ugatuzi, na mtoto wa miaka mitatu huanguka katikati. Lakini Katiba ya 2010 iliipa kaunti pia elimu ya chekechea. Maana yake ni kwamba tangu siku mtoto wa Sironga anapozaliwa hadi anapoingia gredi ya kwanza, kliniki inayompima, mhamasishaji anayemtembelea na mwalimu wa chekechea anayemfundisha wote wako chini ya serikali moja, ile iliyoko mjini Nyamira. Mtaalamu wa fiziotherapia na mshauri nasaha wa hospitali ya rufaa wakitengewa siku maalumu za kutoka, wakutane na wahamasishaji na walimu wa chekechea wa wadi moja baada ya nyingine, wawasikilize walipokwama na kuwaona watoto walioshindikana, huduma itakuwa imeanza. Bajeti ya kaunti hupitia vikao vya kupokea maoni ya wananchi kila mwaka. Mzazi wa Sironga atakayesimama katika kikao kijacho anaweza kuuliza maswali mawili tu: siku hizo za kutoka zimetengwa ngapi, na mafuta ya gari lao yameandikwa katika kifungu gani.